Mkeka wa oda kutoka Wete, na kawa zake: nimeutumia miezi minne, haya ndo maoni yangu

Assalaam alaykum jamani. Nilisema ntaandika nikishautumia vya kutosha, si ile mtu anapokea mzigo jioni na usiku ule ule keshasifia, basi sasa mkeka una miezi minne sebuleni kwetu Mwanakwerekwe, umekaliwa, umeliwa juu yake, umelaliwa, umemwagikiwa chai ya maziwa na mchuzi wa pweza, umepita sikukuu ndogo na sikukuu ya Mfunguo Tatu, ile ya kuchinja, na mie niko tayari kusema. Ni mkeka wa ukindu wa rangi, wa kusuka kwa mkono, saizi kubwa, pamoja na kawa nne (vile vifuniko vya chakula) na msala mmoja (mkeka mdogo wa kusalia), vyote kazi ya bi mkubwa mmoja anaekaa nje kidogo ya Wete, Pemba, upande wa kwenda Konde. Hana duka wala bango, oda zake zinapita kwa watu wanaojuana. Jina lake na namba siweki hapa kwa sababu sijamuomba ruhusa, lakini ukifika Wete sokoni ukaulizia wasukaji wa mikeka utaelekezwa tu, kule watu wanajuana.

Kwa nini nimeagiza mkeka Pemba na mjini mikeka ya plastiki imejaa kila kona? Sababu ni Mama. Mama kazaliwa Wete, na kwetu sisi tangu tunapata akili sikukuu ni Pemba, Unguja tunakaa tu. Sasa magoti yamemshika, ile ngazi ya kupandia boti pale Malindi peke yake inamtoa jasho, na mkondo wa Pemba mnaujua ukichafuka unavokuwa. Mwaka wa tatu huu sikukuu anakula Unguja. Na kila likiingia kumi la mwisho la Ramadhani namuona anabadilika, anakaa na tasbihi yake dirishani, hasemi kitu, ukimuuliza anakwambia hamna kitu mwanangu. Mie najua. Anafikiria nyumba ya mamaake inavopambwa siku zile.

Na safari hii dadangu alisema anakuja kutoka Muscat na watoto wake watatu, miaka sita hajala sikukuu na sie, yule mdogo hata bibi yake hajawahi kumuona ila kwenye simu. Nikasema basi, nyumba ntaipamba kama alivokuwa akipamba bibi, hata kama sijui nianzie wapi.

Bibi (mamaake Mama, Mungu amrehemu) alikuwa akianza mapema. Sie wajukuu skuli zikifungwa tu tunapelekwa, tunapanda meli ya usiku, tunalala chini kwenye jamvi katikati ya mizigo, alfajiri tuko Mkoani, gari ya 603 mpaka Chake, tena 606 mpaka Wete, na msimu wa karafuu unanusa harufu kabla hujaona nyumba, maana barabara nzima karafuu zimeanikwa kwenye majamvi. Tukifika hatupumzishwi. Mwezi ishirini Ramadhani chokaa ishalowekwa kwenye pipa, wavulana wanapaka kuta, wasichana tunaitwa kwenye karatasi za shashi. Babu alikuwa akizileta kutoka mjini, nyekundu, kijani na manjano, tunazikata pembe tatu pembe tatu, tunazibandika kwenye uzi wa nyavu wa babu kwa gundi ya unga wa muhogo, bibi anaipika kwenye kopo la maziwa, ikiwa nyepesi anaturudishia tukoroge tena. Vidole vinanata mpaka wakati wa kufuturu. Zile kamba za karatasi zinatoka mlangoni zinakwenda mpaka mwembe wa uwani, upepo ukipita zinalia kama mvua ndogo. Mpaka leo nikisikia karatasi inapeperuka naiona ile uwa.

Ndani ndo kazi yake mwenyewe. Kitambaa cheupe cha kufuma juu ya redio, foronya za kudarizi zinatoka sandukuni zina harufu ya udi, asumini na vilua kwenye sahani usiku wa kuamkia sikukuu. Na kawa. Kawa mpya alizosuka mwaka ule zinatundikwa ukutani kabla hazijafunika chakula chochote, mlango wa chumba kulia mbili, kushoto mbili. Ukimuuliza mbona usizitumie anakwambia kawa ya jikoni ni chombo, kawa ya ukutani ni pambo, msizichanganye. Mkeka unakuja mwisho kabisa. Huo ulikuwa unakaa darini, umeviringishwa na kufungwa kwa kanga ya zamani, hauteremshwi mpaka mwezi uonekane. Babu na ami wanauteremsha wawili, unatandikwa, na hapo ndo unajua kesho sikukuu. Rangi alikuwa akipika mwenyewe, na ile nyeusi alikuwa akiitoa kwenye mizizi ya mdaa. Sie wajukuu kumi na moja tukipangwa juu yake tulikuwa tunaenea.

Picha ipo moja tu. Ni ya mwisho wa Januari 1998, sikukuu ya mwaka ule wa mvua za Elnino, mpiga picha wa mtaani alipita asubuhi jua limetoka kidogo, tukatolewa mkeka nje ukatandikwa barazani tukakalishwa na nguo zetu mpya. Mie nina miaka minane, niko mwisho kulia, nimeshika halua.

Mara ya mwisho kuuona ule mkeka ukitandikwa haikuwa hata Pemba. Mnakumbuka ule umeme ulivokatika Unguja nzima miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010? Maulidi ya mwaka ule yalitukuta gizani. Mama alikuwa kashaweka nia ya kusomesha nyumbani, akasema tughairi, bibi akasikia huko Pemba akapanda boti akaja na mkeka wake begani kwa mtoto wa jirani. Tukapamba kwa karabai mbili na makoroboi, wasomaji wakakaa juu ya ule mkeka, mrashi unazunguka, udi unafuka, na mwanga wa karabai ukipiga zile rangi mie nikawa siwezi kuangalia pengine. Bibi kakaa mlangoni na mtandio wake mweupe kaegemea mwimo, anatizama tu. Alifariki 2013. Vitu vyake viligaiwa kama inavotakiwa, mikeka mmoja ukaenda msikitini, mwengine kwa jirani alomuuguza, na huo mkubwa mpaka leo kila mtu anadhani alichukua mwengine.

Basi turudi kwenye huduma yenyewe.

Kabla ya huyu bi mkubwa nilishajaribu. Mwaka juzi nilinunua mkeka wa rangi duka moja mjini, silitaji, bei si mbaya, kwa macho mzuri. Siku ya sikukuu mosi mtoto kamwaga maji, na mjomba wangu kakaa hapo hapo na kanzu nyeupe anangoja kwenda kwa wakwe zake, alipoinuka ana rangi nyekundu nyuma kama kachinja ng'ombe. Kanzu ile haikutoka tena, tumeifua kwa kila kitu. Mama hakusema neno ila alikwenda chumbani akafunga mlango. Mie ndo nilochukulia vibaya zaidi kuliko mjomba, maana nilimuahidi Mama mkeka kama wa bibi nikamletea ule. Kwa hivo safari hii nilikuwa muoga kweli, na kitu cha kwanza nilomuuliza bi mkubwa wa Wete ni rangi. Akanambia, mwanangu, rangi inatoka kwa sababu mtu ana haraka. Ukindu unachemshwa na rangi mpaka ukolee, tena unasuuzwa kwa maji baridi, tena na tena, mpaka maji yatoke meupe kama yalivoingia, ndo unaanikwa. Asiesuuza anakuuzia rangi ya kufulia.

Sasa hapa ndo pale ambapo mie nimemkubali mtu huyu, na hata angeniletea mkeka umepinda ningemsamehe. Nilimtumia ile picha ya 1998 kwa wasap ya mwanawe. Picha yenyewe imeshaliwa na unyevu, rangi zote zimegeuka wekundu wekundu, mkeka unauona lakini huwezi kusema hii ilikuwa kijani au zambarau. Nikampigia simu baada ya laasiri, nikaweka spika, Mama yuko kitandani pembeni yangu.

"Shikamoo bi mkubwa," msukaji akamuamkia Mama.

"Marahaba mdogo wangu, hamjambo huko Wete?" Mama akajibu.

Wakaulizana kwanza nyumba na nyumba, nani kafa, nani kaoa, mvua imeanza au bado, kama dakika kumi, mie nashika simu tu vocha inakwenda. Baadae bi mkubwa akasema haya nambie rangi. Na Mama akaanza kumpa, kidole chake kinatembea juu ya shuka kama anaufuata mkeka wenyewe: ukili (ule mstari wa kusukwa) wa mwanzo mweupe mtupu, unaofuata zambarau na mweupe, hapo kijani, hapo mweupe tena, halafu ule wenye nyeusi, nyeusi yake nyembamba lakini, usiitie sana. Miaka kumi na mbili bibi hayupo na Mama hakukwama hata pahala pamoja. Bi mkubwa kule anarudia kila neno, nadhani alikuwa akiandikiwa na mwanawe.

Kimya kidogo, afu akauliza: "Marehemu alikuwa mashoto?"

Mama akanyanyua kichwa. Sie wote tumelijua hilo, bibi alikuwa akisuka, akikuna nazi, akishona, vyote kwa mkono wa kushoto, akilia chakula tu kwa kulia. Lakini hakuna alomwambia huyu bi mkubwa. Mama akamuuliza umejuaje? Akasema naona kwenye picha bi mkubwa, ukili umelala upande wa kushoto, mtu wa kulia hawezi kuulaza hivo. Tena akasema mie mwenyewe si mashoto, nikisuka mie utakuja kinyume na wa mamaako, lakini nna mwenzangu hapa jirani ni mashoto, ntampa yeye asuke kili zote, mie nishone. Mtatupa muda lakini.

Mama alilia. Si kilio cha msiba. Mie pia.

Kwa wasojua kazi hii inavokwenda, maana nilikuwa sijui vizuri mpaka nilipouliza: ukindu unakatwa mchanga, unaanikwa mpaka uwe mweupe, unachanwa chane nyembamba kwa saizi moja, zinazotiwa rangi zinatiwa, ndo unasukwa ukili, mstari mmoja mrefu kweli kweli, unapimwa kwa pima, mikono miwili umeinyoosha. Halafu ule ukili unashonwa ubavu kwa ubavu mpaka utoke mkeka. Kwa hivo unapoona mkeka mkubwa jua kuna mtu kasuka pima kwa pima kwa vidole, kati ya kazi za shamba na kupika na kuteka maji, na mwengine kashona. Ndo maana mie nikisikia mtu anabishana elfu tano kwenye mkeka wa mkono nafsi inaniuma.

Haya, na yasonifurahisha nayaweka pia maana maoni ya sifa tupu hayamsaidii mtu. Oda niliweka mwanzo wa Februari, tumekubaliana mzigo unifikie mwezi kumi na tano Ramadhani. Kumi na tano ikapita, kimya. Kumi na nane, kimya. Mwezi ishirini nikapiga mie, kumbe mvua zimeingia mapema kule, ukindu wa zambarau ulotiwa rangi haukauki, na yeye hataki kuusuka na unyevu kwa sababu utafanya ukungu. Sababu nimeikubali mia kwa mia, kama ni kungoja afadhali ningoje. Lakini angenipigia. Mtu kaweka nusu ya pesa, ana mgonjwa ndani anaeuliza kila siku umefika? umefika? nyamazo inaumiza kuliko kuchelewa. Nilimwambia hivo hivo kwa adabu, akasema kweli mwanangu nimekosa, niliona haya kukupigia bila ya kitu mkononi. Basi yakesha.

Mzigo ulifika Ijumaa ya mwezi 27 Ramadhani, sikukuu Jumatatu. Na siku ile mvua tangu alfajiri, mkeka umefungwa kwenye gunia tu, na huko ulikopita katika kushushwa ukawekwa kwenye maji, sijui kwa nani na wala simlaumu mtu, bandarini siku za mwisho za Ramadhani kila mtu anakimbia. Ninaupokea pembe moja iko rovu. Moyo ulinishuka jamani. Nikauona ule wekundu wa kanzu ya mjomba hapo hapo. Nikaupakia kwenye gari nikafika nao nyumbani kabla Mama hajaamka usingizi wa mchana, nikaufungua ile pembe tu jikoni, nikachukua leso nyeupe safi nikaibinyia kwa nguvu zangu zote kwenye zambarau, kwenye kijani, kwenye nyeusi. Leso ikatoka na vumbi la bandarini basi. Nikabinya tena na tena mpaka mkono ukauma. Hamna rangi. Nikaiegemeza ile pembe mbele ya feni usiku mzima na asubuhi iko kavu imenyooka, haikujikunja.

Kuutandika tulingoja. Dadangu aliingia Jumamosi usiku, watoto wamechoka wamelala na viatu. Jumapili tukashinda kupamba, wale watoto wa Muscat nikawakalisha na karatasi za shashi na gundi ya unga wa muhogo kama tulivokalishwa sie, yule mdogo akauliza kwa nini tusinunue tu, dadake akamwambia nyamaza kata. Taa za kumetameta pia tumetia, nimezinunua Darajani, vijana walizitaka na mie sina ugomvi nazo, zimezunguka dirisha la mbele na zimependeza. Kawa nne ukutani, kulia mbili kushoto mbili. Isha imeingia, mwezi umeandama, ndo kakangu na mume wa dadangu wakauingiza mkeka ndani wawili wameushika huku na huku.

Mama alikaa kwenye kiti chake. Ulipotandikwa hakusema kitu, akaomba asaidiwe kushuka chini, na magoti yale kushuka chini ni kazi, akashuka. Akaweka kiganja juu ya ukili akakipitisha polepole kwenda upande mmoja, akakirudisha. Unajua ukili ukiupapasa unavolalia unateleza, ukirudisha kinyume unakwaruza kidogo. Akaupapasa kwa kulia, akaupapasa kwa kushoto. Tena akatafuta mshono kwa kucha, kili na kili zinapoungana, akatafuta wee, akasema huyu mwanamke anashona, mshono hauonekani. Akanyoosha miguu. Harufu ya ukindu mpya imejaa chumba kizima, ile harufu kama majani makavu yalopigwa jua, imechanganyika na udi, na dadangu kasimama mlangoni kashika mwimo, kaegemea vile vile alivokuwa akiegemea bibi, na hajijui.

Ile nyeusi naomba niseme, haiko sawa na ya bibi. Ya bibi ilikuwa imefifia kama kahawa, hii ni nyeusi ya dukani, kali zaidi, bi mkubwa mwenyewe alitangulia kunambia kuwa mdaa siku hizi haupiki. Mama kaliona hilo mara moja. Akasema si kitu, itafifia na sie. Na msala ni mdogo kidogo kwa mtu mrefu, kakangu akisujudu paji la uso linafika ukingoni kabisa, kwa hivo ukiagiza msala taja urefu wa mtu. Kawa ziko imara, moja kati ya nne kifundo cha juu kilikuwa kimelegea nikakishona mwenyewe, dakika mbili. Tatu bado ziko ukutani na moja, Mungu anisamehe, imeshateremshwa inafunika mkate wa kumimina, bibi angenigombeza.

Sikukuu yenyewe siwezi kuimaliza kuieleza. Asubuhi bokoboko na tambi za sukari, watoto wamepewa mkono wa sikukuu wakakimbilia Mnazi Mmoja siku zote nne, wanarudi usiku na mafirimbi na midomo ya rangi ya barafu. Majirani wameingia, kila anaeingia anavua viatu mlangoni bila kuambiwa, na makochi yetu tumeyasukuma ukutani hakuna hata mmoja alokwenda kuyakalia. Watu kumi na nne tumekula pilau juu ya mkeka mmoja, tukabakisha nafasi. Sikukuu pili mchana namtafuta Mama kitandani simuoni, kalala kwenye mkeka ubavu kwa ubavu na yule mdogo wa Muscat, kamfunika kwa mtandio wake. Tulimuacha pale mpaka laasiri. Tumewapiga picha wajukuu wote wamekaa kwa mstari kama ile ya 1998, na yule wa mwisho kulia nimemshikisha halua.

Bei kwa wanaotaka kujua: mkeka mkubwa nimelipa elfu themanini na tano, kawa moja elfu kumi na mbili, msala elfu ishirini, na nauli ya mzigo mbali. Nusu unatanguliza kwa simu, nusu ukipokea. Ghali kuliko wa plastiki, ndio, lakini ule wa plastiki mchana wa jua unakubandika mwilini na mwaka wa pili unakatika vipande. Huu baada ya miezi minne haujatoka hata uzi. Chai ya maziwa niliifuta kwa kitambaa kibichi ikatoka, mchuzi wa pweza umeacha alama ndogo ya manjano karibu na mlango, nilichelewa kuufuta. Utunzaji wake alonambia bi mkubwa ni huu na naufuata: usiukunje kama shuka, uviringishe, siku za masika usiuache chini wiki nzima bila kuunyanyua, uegemeze upate hewa la sivyo utapata ukungu, utoe juani mara moja kwa mwezi, jua la asubuhi, si la saa saba. Na ukiagiza kwa ajili ya sikukuu weka oda Rajabu, usingoje Shaaban kama mie. Mfungashie pesa ya nailoni pia, mwambie mkeka auvishe nailoni ndani ya gunia, hilo ni juu yako wewe mnunuzi kulikumbusha.

Dadangu kashaondoka, kabeba kawa mbili za oda yake mwenyewe kwenye sanduku la mkononi, kazitundika Muscat sebuleni, katuma picha. Na mie mwanzo wa mwezi huu nimeweka oda nyengine, mkeka mdogo wa barazani kwa ajili ya Maulidi ya Mfunguo Sita, safari hii nimesema nipigiwe simu kila Ijumaa hata kama hakuna kitu cha kunambia, na kweli zimeshapita Ijumaa tatu simu inalia. Inalia lakini si yangu tena. Mama ndo anaeipokea, anamuulizia yule jirani mashoto, anapewa, wanazungumza mpaka nakuja kumwambia Mama maghribi hiyo inaadhiniwa.